Sista Upepo na Swali Lake la Kila Asubuhi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo? Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka muuguzi wa wodi ya upasuaji, aliyetutoka wiki iliyopita. Wagonjwa walimwita Sista Upepo. Kwa nini Upepo? Hata mimi nilijiuliza.

Jibu ni hili, na msinicheke. Mtu akipasuliwa tumbo, utumbo hulala. Ukiamka, mgonjwa hutoa upepo. Naam, upepo huo huo mnaoufikiria! Wodini kwao, siku zile, hupewi chakula mpaka upepo utoke. Basi Sista alipita kitanda hadi kitanda: "Vipi, upepo umetoka?" Binti yake anasema, "Hata nyumbani alituuliza, tena mbele ya wageni. Tulikoma!"

Sasa akalazwa mama mmoja, mshonaji nguo. Mkwewe, mume wa binti yake, alimpenda mno. Habanduki kitandani pake. Sista akiuliza, mama anajibu, "Bado." Kesho yake, "Bado." Mama anazidi kudhoofu, anaishi kwa dripu tu. Daktari akahofia utumbo umeziba. Akaamua mama apasuliwe tena.

Sista na daktari walikuna vichwa. Tumbo laini. Ukisikiliza, linanguruma. Sasa "bado" inatoka wapi? Sista akamtazama mama, akamtazama mkwe. Akamwambia mkwe, "Baba, hebu katuletee sabuni dukani."

Alipotoka, Sista akainama. "Mama, upepo?"

"Ulitoka juzi, mwanangu," mama akanong'ona. "Ningesemaje mbele ya mkwe? Bora kisu."

Bora kisu, wasikilizaji! Upasuaji ukafutwa. Mama akanywa supu, akatembezwa, akarudi kwenye cherehani yake. Tangu hapo, Sista hakumuuliza mgonjwa yeyote kabla ya kuwatoa jamaa nje. Daktari naye akafuata mtindo huo.

Yule mkwe alitupigia simu juzi. "Nilijiona mkwe mwema," alisema. "Kumbe nusura nimuue kwa kumkalia."

Kwa mume wa marehemu, binti yake na wauguzi wenzake: poleni sana. Tumempoteza mtu aliyejali kujua. Nasi tujiulize, wapendwa. Je, yupo mgonjwa wetu anayesema hajambo kwa sababu tu sisi tumekaa pale? Tukimpenda, tuinuke kidogo, tutoke, tumwache aseme.