Injini Iliyonguruma Juu ya Adhana

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh! Semeni Alhamdulillahi, ndugu zangu, semeni kwa sauti, maana huyu aliyesimama mbele yenu leo alikuwa awe mjane. Mie si mtu wa kusema mbele za watu. Asila ndiye aliyeninyanyua kwenye mkeka akaniambia, "Zuwena, simama useme, au ntasema mie." Na huyo hapo amekaa karibu na mlango, kwa hivyo nikiongeza chumvi atanikamata.

Nyote mnanijua. Nnakaa Mawaleh, hapa hapa Maskati, mume wangu ni Salim, na Asila huyu ni mke wa Khamis, mdogo wake Salim. Na gari ya Salim mnaijua pia, wengi wenu mliisikia kabla hamjaiona. Jirani yangu mmoja, yumo humu humu, aliwahi kuniuliza kama tumefungua mashine ya kusaga nyumbani.

Salim kazi yake ni ofisini, wizarani, kanzu nyeupe na kilemba kila asubuhi. Khamis alikuwa anauza gari mpya dukani kule Wattaya, gari zinanukia ngozi na marashi. Lakini jioni wakikutana kwangu, kanzu zinavuliwa, wanatoka watu wengine kabisa, weusi kwa grisi mpaka masikioni. Walikuwa na maradhi ya gari za kizamani. Tena si kuzitengeneza zirudi zilivyokuwa, la! Kuzikata. Wanachukua gari kongwe ya Kimarekani, wanaishusha paa, wanaivua boneti na madigadi, wanaitia injini kubwa ya silinda nane, kisha wanaiacha wazi, matumbo yote nje, gari imelala chini karibu iguse ardhi. Ati ndivyo vijana wa Kimarekani walivyokuwa wakifanya zamani mabandani mwao. Na kila kitu lazima kiwe cha zamani hizo. Kompyuta hapana, plastiki hapana, hata parafujo ya kileo Khamis alikuwa anaitazama kama najisi.

Hii ya mwisho waliikuta Barka, kwenye shamba la mitende, pikapu imeoza na mbuzi wanalala ndani. Ilipoteremshwa uani kwangu nikashika kiuno. "Khamis, taka hizi mnazipeleka wapi?" Akacheka yule, akanambia, "Shemegi, huyu ni mke mwenzio. Mpokee vizuri." Basi jina likakaa. Ikawa kila siku, shemegi, mke mwenzio leo kapata usukani. Shemegi, mke mwenzio leo kakohoa. Nami nnajibu, "Mwambieni asihamie ndani!" Nilikuwa nnaichukia gari ile, wallahi, nnaichukia kweli, kelele yake na harufu yake na mafuta yake kwenye mataulo yangu. Lakini nilikuwa nnapenda kuwasikia wale ndugu wawili wakicheka mle ndani ya gereji yetu ya uani. Sikuwahi kuwaambia.

Na jambo moja niwape haki yao. Adhana ikitoka tu, gereji inanyamaza. Wakiwa wanagonga, nyundo inawekwa chini. Injini ikiwa inawaka, inazimwa hapo hapo, hata kama wamehangaika tangu mchana kuiwasha. Baba yao ndiye aliyewalea hivyo, kwamba mtu hapandishi sauti juu ya adhana. Khamis ndiye aliyekuwa akikaa kwenye usukani, basi mkono wake ndio uliokuwa ukizima. Mie jikoni nilikuwa siangalii saa. Nikisikia kimya upande wa gereji, nnajua Alasiri imeingia.

Ndugu zangu, sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pazito.

Ilikuwa kiangazi, Julai ile ya kwetu, ukishika kitasa cha mlango unaungua. Gereji Salim aliijengea ukuta mzuri, akatia kiyoyozi, maana bila kiyoyozi mle ndani mtu hafanyi kazi, anapikwa. Siku zote wakiwasha injini walikuwa na mpira mrefu, wanauvalisha kwenye ekzosi, moshi unatoka nje kupitia tundu la ukutani. Si watu wajinga wale, msije mkadhani. Lakini wiki ile walikuwa wamefunga mabomba mapya ya moshi, mafupi, ya kizamani, yanatokeza ubavuni mwa injini, matatu huku na matatu kule. Mpira hauingii. Na injini ndiyo imewaka vizuri kwa mara ya kwanza. Wakasema tuiache kidogo tu, tuisikilize, turekebishe kabureta. Baridi ilikuwa inatoka chini ya mlango, kwa hivyo Salim akaubana mlango kwa komeo la ndani, akazungusha taulo, taulo langu lile la buluu, akaziba nafasi ya chini.

Mnaelewa? Kwa sisi watu wa huku, baridi ndiyo raha, baridi ndiyo usalama. Umetoka juani, umeingia penye kiyoyozi, unasema Alhamdulillahi, sasa nnapumua. Waliona hewa baridi ndiyo hewa safi. Na kiyoyozi kilikuwa kinazungusha sumu ile ile ya moshi, kinaipoza tu, kinawarudishia. Harufu ya moshi walishaizoea, hawakuisikia tena.

Mie nipo jikoni, nnakaanga. Nikaisikia gari inanguruma. Kawaida yao inapanda, inashuka, inazimika, mtu anatukana kidogo, inawashwa tena. Siku ile ikashika sauti moja. Haikupanda wala haikushuka. Nikasema moyoni, haya, mke mwenza leo katulia. Nilifurahi, jamani! Nikageuza sambusa zangu.

Ikatoka adhana ya Alasiri. Na injini ikaendelea.

Kwanza sikuogopa. Nilikasirika! Nikasema, hivi leo mmefika hapa? Hata adhana? Nikazima jiko, nikatoka uani kichwa wazi, nimeshika mchi wa kinu, maana ndio uliokuwa karibu, na maneno yangu nimeshayapanga. Mwanamke mwenye hasira kama mie siku ile hakuna Maskati nzima. Nikagonga. "Salim! Hamsikii adhana nyinyi?" Nikagonga tena kwa mchi. Kimya cha watu, sauti ya injini tu. Hapo ndipo nilipoogopa. Miaka yote sijawahi kumwita Salim asiitike hata kwa kuguna.

Nikaenda dirishani. Kioo kimejaa ukungu wa baridi, sioni kitu. Nikakipiga kwa mchi, kikavunjika, ukatoka moshi wa baridi ukanipiga usoni. Sijawahi kusikia kitu cha ajabu kama moshi wa baridi. Nikakimbia barabarani na nywele zangu nje, nnapiga kelele kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote. Na barabarani, ndugu zangu, wanaume walikuwa wamejaa! Mnajua kwa nini? Walikuwa wanakwenda msikitini. Adhana ile ile iliyonitoa mie jikoni ndiyo iliyowatoa wao majumbani. Ingekuwa saa nyingine yoyote ya mchana ule wa moto, barabara ile haina hata paka.

Wakaingia kwa dirisha, mmoja kajiziba pua na kilemba chake, akafungua mlango. Salim alikuwa chini, kichwa chake kimeelekea mlangoni, na mkono wake umeshika lile taulo. Alikuwa ameshalivuta kidogo. Daktari baadaye akasema ile nafasi ndogo, hewa iliyopita pale chini, ndiyo iliyompa uhai. Khamis alikuwa kwenye gari, amekaa, kama mtu anayesubiri taa za barabarani. Wakamtoa wakamlaza uani kwangu, karibu na mlango wa jikoni. Nikamwita, "Khamis, shemegi yangu, Khamis!" Hakuniitika.

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Khamis tulimzika. Na Salim yuko hospitali, kavalishwa barakoa ya hewa, hajui kama hana ndugu tena. Mie ndiye niliyemwambia. Sitaki kuwasimulia uso wake.

Akarudi nyumbani mzima wa mwili, lakini mtu hakurudi. Mikono inatetemeka, anasahau maneno. Akisikia adhana anajifunika mto. Salim! Aliyekuwa wa safu ya mbele! Alikuwa anasema neno moja tu, "Mie ndiye niliyeziba." Ukimpa chakula, mie ndiye niliyeziba. Ukimwambia lala, mie ndiye niliyeziba. Binti yetu alikuja kutoka Sohar, akakaa naye, akarudi kwake analia. Mie nikawa nnaficha visu, ndugu zangu. Nimesema. Nilificha visu na dawa na funguo za gari, na nikikoga nnaacha mlango wazi nimsikie. Nilimuomba Mungu nikiwa nimechoka hata sijui nnaomba nini. Nikasema, ya Rabbi, umenirudishia mume nusu, basi niambie nusu hii nifanye nayo nini.

Siku moja akanyanyua simu mwenyewe, akamwita mtu wa skrepu wa Wadi Kabir aje aichukue gari akaiponde. Nilivyokuwa nnaiomba siku ile ifike! Nikasema leo ntalala. Lakini kwanza nikampigia Asila. Alikuwa ndani ya eda, hatoki, na tangu msiba Salim hajathubutu kusema naye. Nikamwambia, Asila, ile gari inaondoka. Akasema, "Mpe simu."

Nikaweka sauti ya juu, nikamshikia Salim simu sikioni, maana yeye hakutaka kuishika. Asila akasema, na mie nilisikia kila neno, "Salim, Khamis kaigonga bati ile kwa mkono wake. Sina picha yake nzuri hata moja, kila picha kakunja uso. Lakini bati ile kaipiga yeye. Usiiponde. Mie nikitoka eda, nataka uje nayo mlangoni kwangu inatembea." Salim akalia. Alikuwa hajalia tangu hospitali. Alilia mpaka akalala sakafuni, na mie nikakaa hapo hapo nimempakata kichwa.

Mtu wa skrepu alipofika nikamrudisha mie mwenyewe. Nikampa maji baridi, nikamwambia samahani, gari hii ina mwenyewe.

Basi nikaingia gereji. Mie! Tukaanza kwa kuung'oa ule mlango, tukautupa. Ukuta wa nyuma tukautoboa, ukawekwa wavu. Kiyoyozi nikakitoa. Joto? Joto tu, tukajifunga mataulo yaliyoroa shingoni. Salim mikono ikitetemeka mie ndiye nnaeshika spana, yeye ananiambia geuza huku, geuza kule. Nimejifunza kabureta na umri huu! Kuna siku alikuwa anakaa juu ya tairi hana nguvu ya kufanya lolote, nami nnasugua kutu peke yangu na kumsema mke mwenzangu maneno mabaya. Siku moja nikamwambia yule gari, "Wewe umeniulia shemegi, na sasa nnakupaka mafuta, una bahati." Nikasikia nyuma yangu Salim kacheka. Kicheko kidogo, kama cha mtu aliyekisahau kilipo. Nikaendelea kusugua, sikugeuka, nikiogopa kitakimbia.

Asila akatoka eda. Siku ya pili yake tukaenda kwake, Salim kwenye usukani, mie pembeni, buibui langu linapepea, kelele mpaka watu wa mtaa mzima wanatoka kuangalia. Asila kasimama kwenye geti lake. Salim akasimamisha gari, injini inawaka, na akawa hawezi kushuka wala kumtazama.

Na hapo hapo ikatoka adhana.

Nilimuona Salim. Mkono wake uliganda juu ya usukani. Anataka kuzima, mkono hauendi. Injini inanguruma, na muadhini anaendelea. Nami nikataka kunyoosha mkono, nikajizuia, sijui nani alinizuia.

Lakini kuna jambo nilikuwa sijamwambia mtu. Nikalisema pale pale, nikapiga kelele ili nisikike. "Asila! Siku ile Khamis mkono wake ulikuwa kwenye swichi! Wanaume walipofungua mlango niliuona. Vidole vyake viko kwenye swichi. Aliisikia adhana, Asila. Alitaka kuizima!"

Asila akaja. Gari haina kioo wala mlango wa maana. Akaegemea, akapitisha mkono wake mbele ya Salim, akaizima.

Kimya. Wallahi sijapata kusikia kimya kizuri kama kile. Tukaisikiliza adhana mpaka mwisho, sisi watatu. Kisha Asila akamwambia, "Shemegi, shuka ukatie udhu. Maji yapo." Na Salim akashuka, akaenda.

Ndugu zangu, sikuja hapa kukwambieni kama maumivu yamekwisha. Khamis hayupo. Salim bado kuna siku anakaa juu ya lile tairi. Lakini nnashuhudia mbele yenu kwamba Mwenyezi Mungu hakutuacha mle ndani. Alitutumia sauti tunayoisikia kila siku mpaka tukaizoea, akaifanya kamba ya kumvutia mume wangu. Kwa hivyo wewe uliyejifungia, na moyo wako unakwambia mahali ulipo ni baridi na salama, muamini Yeye, vuta hilo taulo hata kidogo, hewa itapita. Na wenye gereji majumbani, nendeni leo mkatoboe kuta, msingoje kesho.

Nilikuwa na mengine, lakini nnamuona Asila anaangalia saa. Adhana iko karibu, na mie sisemi juu ya adhana. Alhamdulillahi.