Chai ya Mwalimu Mbaraka Inapoa

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Wakubwa zangu wote, shikamooni. Mlioko madukani Kilindoni, mlioko Ras Mkumbi, mlioko Chole na Jibondo, kaeni kitako. Mimi ni binti yenu Tumaini. Kumbukumbu ya leo ni nzito, lakini kuna mahali nitacheka, mnisamehe. Marehemu mwenyewe alipenda kucheka.

Leo ni arobaini ya Mwalimu Mbaraka Shaibu wa kisiwani Juani. Narudia kwa waliochelewa: Mwalimu Mbaraka Shaibu, mwalimu wa hesabu na sayansi kwa miaka ishirini na sita. Alizaliwa Juani, amefundisha Juani, amezikwa Juani. Amemwacha mkewe, Bi Mwanamkuu, na mtoto wao mmoja, Taufiki.

Juzi nilivuka kwenda kumpa mkono Bi Mwanamkuu. Yuko eda, hatoki. Nilimkuta ameketi mkekani, mbele yake pana kikombe kimefunikwa kisahani. Nikadhani ni changu. Akanizuia mkono. "Hicho siyo chako, mwanangu. Chako kinakuja."

Wasikilizaji wapendwa, ili mkielewe kikombe kile, turudi nyuma kidogo.

Chumba cha kompyuta kilipofika Juani, watu walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Hayawi hayawi, yakawa. Sola juu ya paa, kompyuta kumi, na vishikwambi ndani ya kabati. Mwalimu Mbaraka alikifagia kile chumba kwa mkono wake. Akabandika ratiba mlangoni, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Wiki ya kwanza chumba kilijaa. Wiki ya pili, jamani, hapakuwa na mtu! Kompyuta zinawaka, viti vitupu. Mwalimu akaja juu. Akatoa adhabu. Akarudi nyumbani amevimba, chakula hakimpiti.

Bi Mwanamkuu akamwangalia weee, kisha akamwambia, "Baba Taufiki, ratiba yako umeiandika na nani? Hukutazama mwezi? Hii ni bamvua."

Bamvua, kwa msiokaa pwani, ni yale maji yanayokauka sana. Kwetu yanakauka asubuhi, saa zilezile za shule. Ndizo siku za kufunga na kuvuna mwani, ndizo siku za pweza. Mama akishuka pwani, mtoto anashuka naye. Yasipokauka sana, ndiyo maji mafu, watu hawashuki.

"Na wewe mwenyewe umesomeshwa na pweza," akaongeza Bi Mwanamkuu. "Mama yako angengoja maji mafu, leo ungekuwa mwalimu wa nani?"

Mwalimu alikwenda akaibandua ile ratiba.

Kwanza alijaribu kupeleka vishikwambi pwani. Viwili vikanywa maji ya chumvi, basi. Ndipo akawatazama kina mama, akaona kila mmoja ana kitochi, ile simu ndogo ya tochi. Kitochi kinaingia memori kadi. Akavuka mpaka duka la Dawoodbhai, Kilindoni, akarudi na kadi. Tangu hapo, kila alasiri baada ya sala, alikaa chini ya dirisha la jiko lake na simu mkononi, akarekodi somo. Somo moja baada ya jingine, mpaka yakafika mia mbili na kumi na mbili. Siku za maji mafu watoto wanasoma kwenye kompyuta. Siku za bamvua somo linawafuata baharini.

Sasa hapo jikoni ndipo penye mambo. Bi Mwanamkuu akishaandaa chai, huita. Yeye haulizi kama mtu anarekodi. "Baba Taufiki! Chai inapoa!" Na sauti ile imeingia ndani ya masomo.

"Nilimwambia aifute, aibu zangu," alinieleza. "Akakataa. Akasema watoto wakisikia nyumbani kwake kuna chai, watajua mwalimu ni mtu."

Akimaliza somo, chai ishakuwa baridi. Anainywa hivyohivyo, na kusema imekaa vizuri. Miaka yote hiyo, imekaa vizuri.

Siku moja alikuja mkaguzi, bamvua imepamba moto. Darasa tupu. "Mwalimu, wanafunzi wako wapi?" "Wako darasani, bwana mkubwa. Vua viatu twende." Wakashuka. Kitochi kimetiwa mfuko wa nailoni, kimening'inia kwenye mti wa kufungia mwani, kinafundisha sehemu. Mkaguzi akamwinamia msichana mmoja: "Nusu ya robo ni ngapi?" Msichana hakuinua hata kichwa. "Sehemu moja ya nane, na chai inapoa!" Pwani nzima ikaangua kicheko. Mkaguzi naye alicheka mpaka akakaa kwenye maji.

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Mbaraka alianguka siku ya Alhamisi, anapanga masomo ya bamvua inayofuata. Presha. Boti ikamvusha ghuba ya Chole, gari likamkimbiza hospitali. Hakurudi kwa miguu yake. Innalillahi wainnailayhi rajiun.

Bi Mwanamkuu akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani. Naye ananiambia jambo ambalo limenikaa hapa kifuani. Katika masomo yote yale mia mbili na kumi na mbili, hakuwahi kukaa akasikiliza hata moja. "Ya nini? Mwenyewe si nilikuwa naye?" Sasa asubuhi za bamvua kina mama wanapita nje na vitochi vyao. Anasikia sauti ya mumewe inakuja, inapita dirishani, inateremka pwani. Naye hawezi kuifuata. "Nilikuwa nasimama mlangoni mpaka iishe kabisa," alisema. "Nilimtamani, Tumaini. Sina neno jingine."

Wiki ya tatu, akaja Mwalimu Maleeha. Ni binti wa Dawoodbhai huyohuyo wa duka, sasa ni mwalimu palepale Juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Maleeha alikuwa na zito. Mtaala umebadilika. Masomo ya zamani yanawachanganya watoto, na kadi zimejaa. Anataka kuyafuta, arekodi mapya. Ya marehemu atayahifadhi kwenye flashi, ampe mama.

"Nimeshamfukia mara moja," Bi Mwanamkuu akamjibu. "Usinitie kaburi la pili mkononi."

Maleeha aliacha kishikwambi pale mkekani, akamwonyesha pa kubonyeza, akaondoka.

Alasiri, Bi Mwanamkuu akabonyeza. Wifi yake, Bi Biubwa, dada wa marehemu, ndiye anayemwangalia eda. Yuko uani anasonga ugali. Akasikia sauti ya mwanamume chumbani! Lahaula! Akaingia na mwiko wake, moto: "Mwanamume gani ndani ya eda?"

Kishikwambi kikasema, "Haya watoto, tuendelee."

Mwiko ukamwanguka. Bi Biubwa akakaa chini palepale, ugali unaungua uani. "Mbaraka," akasema. "Kumbe bado hajamaliza kufundisha?" Wakalia wote wawili.

Wakasikiliza mpaka magharibi, na kesho yake, na kesho kutwa. Katika somo la mia na arobaini, Mwalimu alikuwa anasahihisha kosa lake mwenyewe. Akasema: "Kitabu kikibadilika, watoto, na mimi nitarekodi upya. Kumfundisha mtoto ya jana ni kumwibia."

Bi Mwanamkuu alikizima kishikwambi. Akamwita Maleeha. "Futa," alimwambia. "Mwenyewe amesema." Kisha machozi yakamzidi. "Hakuna hata moja la kubaki, mwanangu?"

Maleeha akafikiri. "Lipo la kupwa na kujaa, mama. Hilo hakuna mtaala utakaolibadilisha. Bahari inakupwa vilevile."

Basi limebaki hilo, ndani ya kila kitochi cha Juani. Mengine sasa ni sauti ya Maleeha. Na kila alasiri, mjane anaandaa vikombe viwili, kimoja anakifunika. Anasikiliza somo la kupwa na kujaa, kisha anakinywa yeye. Baridi hivyohivyo.

Kwa Bi Mwanamkuu, kwa Taufiki, kwa Bi Biubwa, na kwa wanafunzi wake wote, poleni sana. Mungu amrehemu. Nasi tuliobaki tujiulize: mtoto asiyefika shuleni, shule imejaribu kumfikia? Na yule uliyeizoea sauti yake kwa sababu yuko sebuleni, mara ya mwisho umekaa ukamsikiliza lini?

Bi Mwanamkuu ameniruhusu nipige kipande kidogo. Fundi mitambo, tafadhali.

"...kwa hiyo maji hayapotei, watoto. Yamekwenda upande mwingine, na kule yalikokwenda—"

"Baba Taufiki! Chai inapoa!"

"Naam! Naja, Mama Taufiki. Ifunike, naja."