Aurélie Telesfori na Manukato ya Fremu Tupu

Marehemu Aurélie Telesfori alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika makazi ya Katumba, Mpanda. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Telesfori na Mama Immaculata, wakulima waliotoka Burundi na baadaye wakapata uraia wa nchi hii. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake, Joséline, na ndiye anayeyasoma. Kamati ya mazishi ilimwomba ayapunguze makali. Hakuyapunguza.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Katumba, kuanzia mwaka 1990 hadi 1996. Akiwa darasa la tano mvua ilivujia kabati la mwalimu, majina kwenye madaftari yakafutika yote. Aurélie aliyanusa moja moja na kuyagawa: hili la fulani, kwao wanakaanga karanga; hili la fulani, analala chumba kimoja na mbuzi. Alikosea mawili tu. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, na mwenye mbuzi hakumsemesha mwaka mzima.

Mwaka 1999 alipata kazi ya kuchuja asali mjini Mpanda. Huko aligundua kwamba nta ya nyuki ukiiloweka kwenye spiriti, spiriti inabaki na harufu yake. Basi akaanza kutengeneza manukato nyumbani, Makanyagio. Watu walizoea yale ya dukani yanayonukia ua moja tangu asubuhi hadi jioni. Ya kwake yalikuwa na mambo. Kila aliyenusa aliona kitu chake.

Tarehe 12 Julai 2003 alifunga ndoa na Didace, fundi seremala, na wakajaliwa watoto wawili. Siku moja mkewe alimwagiza fremu tisa za picha. Didace alizitengeneza, kisha akauliza, "Sasa picha zenyewe ziko wapi?"

"Watakuja nazo wenyewe," Aurélie akamjibu.

Fremu hizo zilitundikwa ukumbini Makanyagio, Jumamosi tarehe 21 Agosti 2021. Katikati ya kila moja kulining'inia kitambaa chenye tone la manukato yaleyale, aliyoyaita Fremu Tupu. Mgeni alifumba macho, akanusa, akasema anachoona, na Aurélie akaandika chini ya fremu. Dereva wa bodaboda aliona viatu vyake vya kwanza vya shule. Mama mmoja aliona treni. Mzee Gaudensi, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alimwona marehemu mama yake amesimama mlangoni kule Karema, kando ya ziwa. Alitoka bila kuaga, machozi yanamtoka.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya jumuiya akasema, "Jamani, nyie mnachezea moto. Yule mama anaita wafu kwa chupa."

Na nyie mkameza. Hakuna aliyeuliza chupani mna nini. Wateja wakakata mguu. Kwaya aliyokuwa akiimba ikamwambia apumzike kidogo, na hicho kidogo kikawa miaka minne na zaidi. Watoto wake waliitwa watoto wa mchawi kisimani, na wazazi waliokuwa pale walinyamaza.

Mwezi Juni 2025 aligundulika kuwa na saratani ya matiti, ikiwa imeshasambaa. Dawa zilimwondolea uwezo wa kunusa. Asubuhi Didace alikuwa akimshikia chungwa, anamsimulia linavyonukia. Kila mgonjwa wa jumuiya hutembelewa na kuombewa, hata mlevi, hata mwizi wa kuku. Aurélie alilala miezi minane, na mlango wake ukagongwa na mwanajumuiya mmoja tu, Mama Restituta, dada yake Mzee Gaudensi. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Leo mmejaa hapa na vitenge vya sare, mnalia kuliko wafiwa. Joséline ana hasira nanyi, na hataficha kwa sababu kuna jeneza.

Aurélie alifariki Jumatatu tarehe 9 Februari 2026, saa nne asubuhi, mikononi mwa mumewe. Aliagiza jambo moja: yaliyomo chupani yasomwe kaburini kwake. Ni haya. Nta ya nyuki. Kitambaa kilichofukizwa moshi wa mninga. Mchaichai. Mchanga wa ufukwe wa Ikola ulioanikiwa dagaa. Spiriti. Basi, hakuna kingine.

Mama Restituta alipokuja, Aurélie alimuuliza mama yao, yeye na Mzee Gaudensi, alikuwa mtu wa namna gani. Akaambiwa alikuwa akianika dagaa, na jioni akichemsha masega nyuma ya nyumba, apate nta ya kupeleka misheni ikatengenezwe mishumaa. Mzee Gaudensi, huyo ndiye mzimu wako. Hukuona mchawi. Ulimkumbuka mama yako ukaona aibu kulia mbele za watu, na aibu hiyo ukamtwisha dada yangu.

Imebaki chupa moja. Joséline alitaka kuivunja juu ya jeneza. Marehemu alikataa. Alisema, "Mpe Mzee Gaudensi. Amekaa miaka yote hii anamwogopa mama yake." Chupa ipo mezani, Mzee. Njoo uichukue sasa hivi, tunakuona.

Marehemu ameacha mume, Didace. Watoto wawili, Heri na Queen. Mama mzazi, Immaculata. Na mdogo wake, Joséline, ambaye hajasamehe.

Bwana ampe Aurélie pumziko, maana sisi tulimnyima.