Fimbo Nyeusi za Upinde wa Msukuma

Kijiwe chetu kiko Nachingwea mjini, ubavuni mwa ghala la korosho, na tunakiita Mizani kwa sababu benchi lilikuwa la wapimaji kabla hatujalitaifisha. Kahawa ni ya Shaibu, mtu wa maneno machache. Wa kudumu tuko wanne. Kuna mimi wa bodaboda. Kuna Kaimu, tunayemwita Var, maana hakuna jambo lililokwisha ambalo hataki lirudiwe kuangaliwa. Kuna Harithi, au Kangomba kama walanguzi wa korosho wanavyoitwa, anayeapa kwamba hajawahi kununua korosho ya mtu ikiwa bado maua. Na kuna Msukuma wetu, mfugaji aliyehamia Chiola na ng'ombe wake misimu miwili iliyopita. Asubuhi hutuletea maziwa, jioni hunywa kahawa kimya. Siku hiyo alikuja na upinde wa marehemu baba yake, na fimbo mbili nyeusi za mshale.

Habari yenyewe ni hii. Ruangwa waliandaa michezo ya jadi, na kulenga shabaha kukiwemo. Tangazo lilisema upinde uwe wa jadi, mshale wowote. Wenzetu wa Ruangwa wana mpira wa kututambia, wana dhahabu ya Namungo, wana kila kitu cha kumkera jirani. Sisi tukaona Mungu katupa Msukuma. Upinde wake si wa mchezo. Tuliwahi kuuvuta kwa mizani ya ndoano ukapita kilo thelathini, na Kangomba alipojaribu kuuvuta kwa mkono, alilala na plasta za Salonpas begani. Tabu ilikuwa mishale. Mti wa kwao wa kuchongea haupo huku, na wa huku unapasuka. Ndipo nikampata kwenye simu muuzaji wa Dar mwenye fimbo za kaboni. Akatuma mbili za mfano kwa basi, nikampa Msukuma azijaribu, moja imeandikwa 500, nyingine 300, bei ileile. Alitaka jibu kabla ya jua kuzama ili mzigo uondoke na basi la alfajiri.

— Mia tano, alisema Var. Nani apewe mia tano akachukue mia tatu? Hata mtoto wa chekechea hakosei hapo.

— Unakosea wewe, Kangomba akamjibu. Nenda kwenye korosho iliyobanguliwa. Daraja la namba ndogo ndiyo korosho nene. Namba kubwa ni vidagaa.

— Sasa korosho na mshale wapi na wapi?

— Vyote vinapimwa na watu wa nje, mwanangu. Watu wa nje wanahesabu kinyumenyume.

Nikauliza hiyo namba ni ya nini hasa. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu Var alikuwa na jibu. Alisema ni mita. Mshale wa mia tano unakwenda mita mia tano, na kwa upinde ule zidisha mara mbili, kwa hiyo Ruangwa wawatoe watu uwanjani mapema. Kangomba akasema mita hizo zikichanganyika na upepo, mshale utatua Namungo kwenye shimo la mchimbaji, na mchimbaji ataukatia leseni. Var hakucheka. Alieleza kwamba kaboni ni mkaa, mkaa unapenda moto, hivyo mshale unapoachiwa unapata joto na kuongeza mwendo njiani. Tena mchagua jembe si mkulima, tuchukue ya mia tano tuendelee na maisha.

Msukuma aliweka kikombe chini. Akatuonyesha mkono wa kushoto. Kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na kovu jipya, bado jekundu.

— Huu ni mshale wa mti, alisema taratibu. Upinde mkali ukikutana na fimbo laini, fimbo inakunja mgongo kabla ya kuondoka. Ikipasuka inaingia hapa. Na hii nyeusi ikipasuka, nasikia inakuwa sindano sindano, haitoki yote. Kushindwa Ruangwa naweza. Mkono siwezi. Nimezikunja zote mbili, zote naziona ngumu. Ndiyo maana nimewaletea nyinyi.

Mzaha ukatuishia. Mtu alikuwa ametuletea mkono wake tumchagulie, na sisi tulikuwa tunaupigia hesabu za mita. Var alijaribu kusema kidole kimoja hakivunji chawa, akaona mwenyewe haifai, akaishia njiani.

Aliyetuokoa ni Shaibu. Alisema kama shida ni kujua ipi inakunja mgongo, basi tuzitwishe mzigo. Akaleta vigoda viwili, akaviachanisha, akalaza fimbo ya 300 juu yavyo, akatundika birika la kahawa katikati. Fimbo ikainama kidogo, kama mtu anayeitikia salamu. Akatoa, akalaza ya 500, birika lilelile. Hiyo iliinama hasa, birika likaanza kuteleza, na kabla Shaibu hajalidaka kahawa yote ikamwagikia suruali ya Var.

— Irudiwe, alisema Var huku akijikung'uta. Hapo kigoda kilisogea.

Hakuna aliyerudia. Kangomba alijipongeza kwa niaba ya korosho zote za wilaya. Msukuma aliipapasa fimbo ya 300 kuanzia mwanzo hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali, na nilimwona akishusha pumzi. Niliona raha kweli. Nikampigia muuzaji, nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

— Tumeamua mia tatu, nilimwambia. Dazeni moja.

— Sawa kaka, umechagua vizuri. Mzigo niuandike jina la nani?

Kwenye simu yangu kaandikwa Msukuma Maziwa. Nikamtazama Var, Var akamtazama Kangomba, Kangomba akawa analikagua benchi. Shaibu alikuwa na birika tupu mkononi, hakuwa na hata kahawa ya kutusitiri. Misimu miwili. Tulitaka akatupiganie Ruangwa.

— Haloo? Jina la mpokeaji, kaka.

Mwenyewe alisubiri kidogo, nadhani alitupa nafasi. Kisha akaisogelea simu.

— Jeremia, alisema. Jeremia Masanja.

— Poa. Na namba yake ya simu?

Tukaitaja wote kwa pamoja, hatukukosea hata tarakimu moja, maana ndiyo tunayopiga kila asubuhi maziwa yakichelewa.