Kodiani Iliyoshushwa Kabatini: Maisha ya Ndugu Yetu Fundi Sauti

Ndugu yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Sauti, alizaliwa tarehe 14 Juni 1948, akiwa mtoto wa nne wa mshona magunia. Mimi ninayesoma haya ni kaka yake, fundi viatu.

Alisoma hadi darasa la nne, ada ikakatika. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe, kama tulivyofanya wengi wa rika letu, siku ambazo mtu alionea aibu kutojua.

Mwaka 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, akapiga kodiani katika bendi ya wafanyakazi. Hapo ndipo shemeji yangu, msokota nyuzi, alipomwona. Walifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1972. Mwaka 1989 kiwanda kilivunja bendi, kikanunua spika. Watu kumi na wawili walibadilishwa kwa masanduku mawili! Marehemu aliipandisha kodiani juu ya kabati, akafungua kibanda cha kutengeneza redio. Hakupiga tena.

Kila mwaka mkewe alimchokoza: "Mganga hajigangi, baba watoto? Redio za watu zinaimba, mimi nasikiliza kabati."

"Mikono imesahau, mama watoto."

"Basi ikumbushe."

Mwaka 2013 alifunga kibanda, maana siku hizi kitu kikiharibika hutupwa, akaishusha kodiani. Mende walikuwa wamekula mivukuto, ile mikunjo ya kusukuma hewa. Nilimpa ngozi laini, na kwa ujuaji wangu nikamshauri agandishe vilimi vya shaba, vile vinavyotoa sauti, kwa gundi ya viatu. Ikakauka kama mfupa, vilimi vikagoma vyote. Alinitazama, akasema, "Kaka, hii si soli." Alivikwangua kimoja kimoja kwa miezi miwili, akavirudisha kwa nta ya nyuki, kama inavyotakiwa.

Siku alipoivuta, shemeji alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Inakohoa hiyo."

"Na wewe ungelala miaka ishirini na nne, ungekohoa."

Alikosea, akacheka, akarudia. Tangu hapo alipiga kila jioni barazani. Sijapata kumwona na furaha ile, hata ujanani.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua. Mwishowe mkono wa kushoto ulikosa nguvu ya kuvuta, tukadhani ndiyo basi. Shemeji akaketi ubavuni pake kitandani, akashika upande ule. Yeye alivuta, mumewe akabonyeza. "Polepole, mama, hatukimbizwi!" "Vidole vyako ndivyo vinachelewa!" Walipiga hivyo miezi mitano, hadi tarehe 8 Machi 2022 jioni. Alifariki kesho yake asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, nami kaka yake. Mjane ameomba kodiani isirudishwe kabatini. Binti yao mkubwa ameanza kujifunza. Mama yake anamvutia mivukuto.

Alale salama ndugu yetu, kwa amani aliyokwisha kuionja.