Bipu ya Asubuhi

Mzee Twagirayezu alikuwa akilalamika tangu basi la Batsinda litoke mjini. Zaina, fundi cherehani aliyekaa kando yake, alimvumilia mpaka mzee aliposema hakuna tena cha kumshukuria Mungu.

"Iko," alisema Zaina. "Dada yangu anaishi Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Tangu vita vianze hataki kuniongelesha, anasema mimi ni mtu wa upande ule. Lakini kila asubuhi ananibipu mara moja kwa simu, anakata kabla sijapokea."

"Hiyo nayo ni salamu, mama?"

"Ni mzima, mzee, na anataka nijue. Mimi nashukuru hiyo."

Mzee aliacha kulalamika, jambo ambalo basi zima lilikuwa likilingoja. Kisha akauliza taratibu, "Leo amebipu saa ngapi?"

Basi lilisimama. Jua lilikuwa utosini. Zaina alikusanya vitambaa vyake, simu kiganjani.

"Leo bado," alisema, akashuka.