Nilimshtaki Mwalimu kwa Sababu ya Mamba

Kgosi wetu, chifu mwenye ardhi hii na sisi tunaoikanyaga, Mheshimiwa Afisa Elimu wa Wilaya, Mchungaji, Mwalimu Mkuu pamoja na walimu wako, ndugu wageni waalikwa mliotoka mbali, wazazi wenzangu, na nyinyi wadogo mlioketi hapo mbele mkekani, ambao itifaki imewaweka mwisho ingawa sherehe ni yenu: nawasalimu nyote. Pula, mvua na itunyeshee!

Mmeitikia vizuri kwa watu wenye njaa. Seswaa, nyama yetu ya kuponda, iko jikoni, nimeiona kwa macho yangu, haitakimbia.

Nimepewa kazi ya kumuaga Mma Kelebonye Motlhabane, mwalimu wa darasa la wadogo, anayestaafu leo. Najua wengi mnajiuliza, hivi walimu wote wamekwisha mpaka aitwe Oduetse Modimakwane, fundi viatu? Nami niliiuliza kamati ya sherehe hivyo hivyo. Mwenyekiti akanitazama akacheka. "Rre Modimakwane," akasema, "si wewe uliyetaka aondoke tangu zamani? Haya, leo anaondoka. Njoo useme!"

Basi nimekuja kusema, na nitaanza na kosa langu kabla jirani zangu hawajalianza wao.

Miaka kumi na mitatu iliyopita mama huyu alitujia kutoka upande wa Serowe, na sanduku moja la nguo na maboksi matatu ya kalenda kuukuu. Kalenda! Mke wangu, Mungu amrehemu, alisema labda huko kwao miaka haiishi. Kumbe alikuwa anazitaka kwa ajili ya ule upande mweupe wa nyuma. Alichora wanyama juu yake, chini ya kila picha akaandika mistari inayoishia kwa sauti moja, na neno la mwisho akalifunika kwa kipande cha karatasi. Alisoma na watoto, akifika pale akanyamaza, na watoto wakalipigia kelele lile neno kabla hajalifunua. Nilizisikia kelele hizo kutoka kibandani kwangu, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Nikasema, huyu amekuja kufundisha au amekuja kuuza mbuzi?

Wakati huo nilikuwa namlea mjukuu wangu Larona. Mama yake yuko kazini Gaborone. Larona alikuwa na miaka mitano, na alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kukwama kidogo na kuendelea. Neno lilimshika shingo mpaka machozi yakamtoka. Nanyi mnajua desturi yetu: mkubwa akikutana na mtoto humwuliza, "Wewe unacheza nini?", naye mtoto hutaja mnyama wa ukoo wake na kumsifu kidogo, ili ijulikane ni wa nani. Sisi hapa ni watu wa mamba. Wenzake walijibu mbio mbio. Larona alisimama mbele ya wazee, akasema "Ma, ma, ma," na wazee kwa huruma wakatazama pembeni. Huruma ile ilimuumiza kuliko kuchekwa. Na mimi, babu mtu, nilianza kumpitisha njia za nyuma ili asikutane na mtu wa kumwuliza. Nasema wazi, nilimwonea aibu. Mungu anisamehe.

Siku moja akaja nyumbani na kitabu cha karatasi zile za kalenda, akicheka peke yake. Nikakichukua. Ndani nikamkuta mamba, mamba wetu, amefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini kama bibi kizee, shavu limevimba, bakuli la uji mbele yake! Na chini yake maneno haya:

*Mamba ana jino bovu,*
*amekosa hata nguvu;*
*kanywa uji kwa upole,*
*akalia, "Ole! Ole!"*

Ndugu zangu, damu ilinichemka. Mama yangu alikuwa akiona hata ngozi ya mamba anafumba macho kwa heshima. Huyu mgeni, mtu wa ukoo wa paa, anawafundisha wajukuu wetu kumcheka mamba? Nilikitia kitabu kwapani, nikaenda moja kwa moja kwenye kgotla, baraza letu la kijiji, na nikamwambia Kgosi mambo mawili: vitabu viondolewe, na mwalimu arudishwe alikotoka.

Wazee waliniunga mkono. Tusidanganyane leo kwa kuwa kuna wageni: mko humu, na baadhi yenu mlipiga makofi. Ikapangwa siku ya kusikilizwa. Mma Motlhabane akaja amevaa shuka lake begani, akaketi chini pamoja na wanawake, na watoto wa darasa lake wakaja nyuma yake bila kuitwa. Kgosi akamwuliza, "Mama, kwa nini hukumchora paa wako umcheke mwenyewe?"

Akajibu, "Kgosi, nilikosa. Nilipaswa kuuliza wazee kwanza. Ila niliwauliza watoto wanampenda mnyama gani, wakasema wote kwa pamoja. Ningemchora paa, wasingejali jino lake. Mtu huumwa na jino la ndugu yake."

"Na hiki ni kitabu cha kusoma, au ni mchezo?" nikadakia mimi. "Maana mjukuu wangu anarudi nyumbani anacheka tu!"

Kgosi akasema, "Tumsikie mtoto. Nani anakijua kitabu hiki?"

Mikono ikainuka. Na katikati ya mikono ile nikauona mkono wa Larona. Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Nilimpa ishara ashushe. Hakushusha. Nikasema, "Kgosi, huyu ana shida ya kusema, chagua mwingine." Nilisema hivyo mbele ya watu, naye anasikia. Kgosi akasema, "Nimemwona yeye."

Akasimama. Akapiga mguu chini mara mbili, kama walivyofundishwa. Akaanza, na maneno yakatoka yamepangana, mstari juu ya mstari, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hakukwama hata mara moja! Kila alipofika neno la mwisho alinyamaza kwa makusudi, na wenzake wakalipigia kelele, na kufikia ukurasa wa nne wazee nao walikuwa wanalipigia kelele. Mimi nilikuwa nimesimama na kofia mkononi.

Kisha Kgosi akamwuliza lile swali. Sijui kama alijua alichokuwa anafanya. Akasema, "Binti, wewe unacheza nini?"

Nikafumba macho. Nikausikia ule mguu wake, mara mbili, halafu:

*Mimi wa mamba, wa maji,*
*wa kijiji, si mpitaji;*
*jino likipona kesho,*
*babu ataacha tisho.*

Mnacheka. Na siku ile walicheka hivyo hivyo, Kgosi akafuta machozi kwa mkono wa koti. Mistari ile haikuwa kitabuni. Hakuna aliyemfundisha. Mtoto wa miaka mitano aliyeshindwa kutaja jina la ukoo wake alitunga sifa zake mwenyewe, akamtia na babu yake ndani humo, palepale, mbele ya mashahidi. Nauliza: mmeona mwalimu mwingine aliyeshinda kesi bila kujitetea? Na nauliza tena: ni nani aliyetuambia ushairi ni wa watu wazima wenye sauti nzito, na kwamba mtoto asubiri mpaka aote ndevu?

Kgosi akakata shauri. Mama aongeze ukurasa, mamba apone, ili heshima irudi. Na mimi? "Wewe, Oduetse, vitabu hivi vinachanika. Una sindano, una uzi. Utavishona, mpaka mama huyu atakapoacha kazi."

Nimevishona miaka kumi na mitatu. Uzi wa viatu, sindano ya viatu, nta ya viatu. Ndiyo maana vitabu vya Mma Motlhabane havifi. Mtoto anaweza kuvikanyaga, kuvilowesha, hata kuvitafuna. Kila Ijumaa jioni aliniletea vilivyochanika, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akanisomea vipya ili nimwambie kama vina mdundo. Mimi, mwenye malalamiko! Mara mbili nilimwambia mstari unachechemea, na mara mbili akaurekebisha. Nafahamu kiatu kinachochechemea, Mheshimiwa, na mstari nao ni hivyo hivyo.

Leo watoto wote walioketi mkekani wanajibu wanapoulizwa wanacheza nini, na kila mmoja anajibu kwa mistari yake. Nendeni vijiji vya jirani mkatafute kama hao. Hamtawapata!

Larona ana miaka kumi na minane sasa. Kigugumizi hakijaisha, akinunua mkate bado kinamshika. Lakini hapiti tena njia za nyuma, na mimi simpitishi.

Mma Motlhabane, miaka yote hii nimekuita "Mwalimu" tu. Sikuwahi kukuita kwa ukoo wako, kama tunavyomwita mtu tunayemshukuru kwa kweli. Nilikuwa mkaidi. Siku ile ulisema ulikosa. Leo mimi ndiye ninayesema nilikosa, na nimeshona mistari minne kwa sindano yangu mwenyewe. Kabla sijaisema, nawashukuru nyote kwa kuniazima masikio yenu. Mtayachukua mlangoni, yakiwa mazima.

*Ewe paa wa vichaka,*
*umetufunza miaka;*
*ulimi ulofungika*
*kwa vina uka...*

Nimeliacha neno la mwisho, Mwalimu, kama ulivyokuwa unaliacha wewe. Tulieni, wadogo, msilipigie kelele. Larona, mjukuu wangu, simama mbele ya watu, ulimalize.